Maji Yanayopungua: Kusoma Mchoro wa Wino na Rangi za Maji Uliotokana na Al-Inkishafi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, makala haya yanahusu mchoro mmoja. Hutaupata katika kitabu chochote. Uko kabatini mwangu hapa Isiolo, kwenye karatasi nene ya somo la Sanaa na Usanifu, na ulichorwa kwa wino na rangi za maji na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu mwaka wa 2022. Chini yake, upande wa kulia, pana maandishi mekundu: "Hujajibu swali. 0/8." Mwandiko huo ni wangu.

Nakusudia kukuonyesha kwamba swali lilikuwa limejibiwa, tena vizuri kuliko nilivyokuwa nimelifundisha.

Al-Inkishafi si kitabu teule, na yamkini hutakutana nayo katika mtihani. Hata hivyo huifundisha kila mwaka, kwa sababu mwanafunzi aliyepitia utungo huo haogopi tena shairi asilolijua. Uliotunga utenzi huo ni mkono wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mwanzoni mwa karne ya 19, wakati fahari ya mji wake ilikuwa imeporomoka. Wengi wetu tunaukumbuka kwa sehemu ya majumba: taa zilizofanya usiku kuwa kama mchana, vidaka vilivyopangwa vyombo vya kauri, kisha popo, buibui na makinda ya ndege waliorithi makao ya matajiri. Lakini kabla hajafika majumbani, mshairi anausemesha moyo wake kuhusu ulimwengu, naye anaupa ulimwengu huo picha nne zinazofuatana.

Ya kwanza ni bahari iliyochafuka, yenye miamba. Anayeisafiria huambulia hasara. Ya pili ni kisima kisicho na ukingo, penye ng'ombe mkali ampigaye pembe kila anayekaribia, hata mtu asipate kunywa. Ya tatu ni vumbi linaloonekana ndani ya mwale wa jua; ukinyosha mkono kulishika, kiganja hutoka kitupu. Ya nne ni mazigazi, yale maji ya uongo yanayometameta nyikani jua likiwa la utosi: mwenye kiu huyakimbilia akiamini ni maji, akakuta jua. Swali nililowapa wanafunzi lilikuwa fupi: "Eleza picha nne za ulimwengu anazotumia mshairi, kisha uonyeshe uhusiano wake. (alama 8)"

Karibu darasa zima liliandika jambo moja. Bahari ni hatari, kisima ni kizuizi, vumbi ni ubatili, mazigazi ni udanganyifu. Zote nne zinaonyesha kwamba dunia ni hadaa. Walioandika hivyo niliwapa alama zote. Ndivyo nilivyokuwa nimewaambia ubaoni, na ndivyo nilivyoambiwa mimi nilipokuwa mwanafunzi.

Mwanafunzi mmoja hakuandika neno. Alileta karatasi hii.

Ianze kuisoma kutoka chini, maana ndiko mchoraji alikoanzia. Ukingo wa chini umejaa buluu nzito inayokaribia weusi. Rangi ilimwagwa ikiwa na maji mengi, ikatuama, ikakauka ikiacha mstari mkali pembeni kama ule unaobaki kwenye sufuria maji yakikauka. Ndani ya buluu hiyo kuna mikwaruzo ya kalamu iliyokauka wino, mifupi, imetupwa huku na huku. Hiyo ndiyo miamba. Bahari hii haina mawimbi yaliyopangwa safusafu kama tunavyoyaona katika vitabu vya watoto. Imekatwa na ukingo wa karatasi, hata huoni inakoishia.

Panda juu kidogo. Buluu inakuwa ndogo, imekusanyika mahali pamoja, duara lisilofungika. Ni kisima. Mchoraji alizungusha kalamu, na kabla ya kufikia alikoanzia akauinua mkono. Kisima hakina ukingo katika utenzi, nacho hakina ukingo karatasini. Kando yake kuna mistari miwili ya wino iliyopinda kuelekeana. Huoni ng'ombe, unaona pembe tu, lakini hakuna mtoto wa Merti au Garba Tulla atakayeuliza hizo ni nini.

Juu ya kisima buluu imetoweka. Pamebaki rangi ya udongo, nyepesi kama chai ya maziwa, na juu yake vitone vya wino vilivyorushwa kwa kidole kutoka kwenye brashi. Vingi vimeangukia ndani ya ukanda mmoja uliokingama, mwembamba juu, mpana chini. Ukanda huo ndio mwale wa jua. Juu kabisa, karibu na upeo wa macho, hakuna rangi. Kuna karatasi nyeupe tu, mkanda mrefu ulioachwa ukavu huku rangi ya udongo ikipakwa chini yake na ya anga juu yake. Mbele ya mkanda huo amesimama mtu mmoja wa wino, mdogo kama punje ya mchele, ametupa mgongo kwetu.

Sasa rudi chini, upande tena polepole, ukifuata buluu peke yake. Bahari: maji tele. Kisima: maji machache. Vumbi: hakuna maji, ila kuna kitu kinachoonekana. Mazigazi: hakuna chochote, ni karatasi.

Hapo ndipo nilipoketi. Mimi nilikuwa nimezifundisha picha nne kama orodha, kila moja ikisema lile lile la mwenzake. Mchoro unazisoma kama ngazi. Katika bahari, maji yapo na ni mengi, ila yanaua. Katika kisima, maji yapo, ila kuna anayekuzuia. Katika vumbi, macho yanaona kitu cha kweli, ila mkono haukishiki. Katika mazigazi, hata macho yamedanganywa. Mshairi haurudii moyo neno moja mara nne. Anaunyang'anya kitu kimoja kila hatua, mpaka unabaki na kiu na jua. Rudi kwenye utenzi ukaujaribu usomaji huu, kwa mpangilio wa beti tuliouzoea. Nimeujaribu mara nyingi tangu siku hiyo, nao unasimama.

Pengine utaniuliza: je, haya hayangeweza kusemwa kwa maneno? Yangeweza, nami nimeyasema hivi punde. Lakini tulisoma beti hizo pamoja darasani, na hakuna aliyeyasema, nikiwemo mimi mwenye shahada. Chombo kilichangia. Rangi ya maji, kama jina lake linavyoonyesha, ni maji yaliyobeba rangi, na haina nyeupe yake. Nyeupe yake ni karatasi yenyewe, kwa hiyo mchoraji akitaka mwanga huwa hapaki kitu, huacha. Anayechora mazigazi kwa chombo hiki hulazimika kuamua wapi pasiguswe na maji, na akishaamua hilo, ameshaanza kuuliza maji yako wapi katika beti zilizotangulia. Swali hilo ndilo lililofungua utenzi. Nasi tulio katika nchi kavu tulipaswa kuwa wa kwanza kuliuliza. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo huku kaskazini, na mwaka wa mchoro huu ulikuwa katikati ya ukame huo. Ng'ombe apigaye pembe kisimani si jazanda ya ajabu kwa mtoto aliyekulia penye visima virefu ambako Waborana huteka maji kwa kupokezana ndoo huku wakiimba. Mazigazi nayo huyaona kila mchana barabarani kuelekea Archers Post. Mimi nilikuwa nikiwaeleza kana kwamba ni msamiati mgumu kutoka pwani.

Kuna neno moja linalotumika ovyo kuhusu michoro ya namna hii: kwamba ni ya mkono mlegevu, yaani haikukamilishwa. Hapa Isiolo tuna mfano mzuri wa kinyume chake. Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa simba Elsa, aliishi mjini humu miaka ya 1940 na 1950 mumewe George alipokuwa mlinzi wa wanyamapori, na alikuwa mchoraji wa rangi za maji kabla ya kuwa mwandishi. Alichora maua ya nchi hii kwa usahihi unaomwezesha mtaalamu wa mimea kuyatambua, na kuanzia 1949 akachora watu wa jamii mbalimbali za Kenya kwa mapambo na mavazi yao, kazi ambayo serikali ya kikoloni ilimlipia. Katika michoro hiyo kila ushanga una mahali pake. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi sura ya kitu kilichokuwa mbele ya macho yake, na kwa kazi hiyo mkono uliokaza ndio unaofaa.

Anayechora shairi hana kitu mbele ya macho yake. Ana maneno, na maneno ya mshairi yameacha mengi bila kusemwa. Al-Inkishafi haisemi kisima kina kina gani wala ng'ombe ana rangi gani. Mchoraji akiyajaza hayo yote, atatupa kisima fulani cha mahali fulani, na ulimwengu wote uliomo katika jazanda utakuwa umetoroka. Mkono ulioachiwa huru huziacha nafasi alizoziacha mshairi. Huu ndio msimamo wangu, nami naukubali ukibishwa: ulegevu katika mchoro wa shairi ni uaminifu, almuradi uko pale pale palipo na ukimya katika matini. Ukiwa mahali pengine, ni uvivu.

Lakini hapo pana tatizo ambalo mwalimu wa ushairi hawezi kulikwepa. Al-Inkishafi si shairi huru. Kila mshororo una mizani kumi. Mishororo mitatu ya kwanza ya kila ubeti hukubaliana vina vya mwisho, na wa nne hurudisha kina kimoja kinachoshikilia utenzi wote tangu mwanzo hadi mwisho. Je, mchoro uliolegea unaweza kuwa mwaminifu kwa utungo uliokaza hivi? Mwenzangu wa idara ya sanaa aliniambia swali hilo ni la watu wa lugha tu. Silikubali jibu lake. Umbo ni sehemu ya maana, la sivyo tungekuwa tunawasumbua wanafunzi bure kuhesabu mizani.

Nimeutazama mchoro nikitafuta urari, na nimepata kitu kimoja. Mkwaruzo mfupi wa kalamu uliotumiwa kuonyesha mwamba baharini unarudi kisimani kama pembe, unarudi katika vumbi kama kitone kirefu kuliko vingine, na kule juu ndio mwili wa yule mtu mdogo. Ni alama ile ile, ukubwa karibu ule ule, mara moja katika kila hatua. Rangi inapungua lakini alama hairuki zamu. Nikiwa mkarimu nitasema hicho ndicho kina cha mwisho wa ubeti. Nikiwa mkali nitasema mwanafunzi alikuwa na kalamu moja yenye ncha moja. Nadhani pande zote mbili zina ukweli, na kwamba hata mshairi hutumia kalamu aliyo nayo.

Hapa nikuonye wewe mtahiniwa. Kisima cha mchoro huu kina doa ambapo wino wa pembe moja umeyeyuka na kuchuruzika ndani ya buluu. Nilipouona kwa mara ya pili nilifurahi mno; nikajiambia kwamba ukali wa ng'ombe umeingia ndani ya maji yenyewe. Nikamwita mwanafunzi nikamwuliza. Akasema, "Mwalimu, ule ni wino wa kalamu ya kawaida. Ulilowa." Basi. Kuna mambo katika kazi ya sanaa ambayo ni ajali ya vifaa, na mhakiki mwenye hamu huyageuza kuwa falsafa. Watahiniwa hufanya hivi kila mwaka na inkisari: wakiona neno limefupishwa huandika kwamba mshairi anaonyesha ufupi wa maisha, ilhali mshairi alikuwa anatafuta mizani ikae sawa. Kabla hujaipa alama maana, jiulize kama ingekuwapo hata bila maana hiyo.

Mchoro una kasoro nyingine ambazo si ajali. Pembeni kushoto, juu, mwanafunzi ameongeza kidaka cha ukutani chenye ndege ndani yake, kutoka ile sehemu ya majumba. Ndege huyo amechorwa kwa uangalifu, manyoya na yote, na ninashuku alinakiliwa kutoka kitabu cha sayansi. Hana uhusiano na ngazi ya maji, na jicho likimfikia hukwama. Ni sawa na mtahiniwa aliyemaliza hoja yake vizuri kisha akaongeza methali ili ajaze ukurasa. Upungufu mkubwa zaidi ni sauti. Katika utenzi, anayesemeshwa ni moyo. Nafsineni anaukaripia, anaubembeleza, anauuliza mbona hauzinduki, na kubadilika huko kwa toni ndiko kunakoufanya utungo kuwa maombolezo badala ya hotuba. Mchoro hauna wa kumsemesha. Yule mtu mdogo aliyetupa mgongo ana upweke, lakini hajibishani na yeyote. Sijui brashi ingefanyaje jambo hilo, wala silaumu. Nasema tu kwamba anayeutazama mchoro bila kuusoma utenzi atapata kiu na kukosa toba.

Wapo waliojaribu mambo haya kabla yetu, na si vibaya mwanafunzi akiyajua. Toleo la Kiingereza la utungo wa Okot p'Bitek kuhusu Lawino, lililotolewa Nairobi mwaka wa 1966, lilikuwa na michoro ya Frank Horley. Kithaka wa Mberia, katika diwani kama Bara Jingine ya mwaka wa 2001, huyatawanya maneno ukurasani ili jicho lipate kazi kabla ya sikio. Nje ya Afrika, mfano ninaoupenda ni wa William Blake wa Uingereza, aliyekuwa mshairi na mchoraji kwa wakati mmoja. Mwaka wa 1824 alianza kuchora utungo mrefu wa Dante kwa wino na rangi za maji, na alipofariki mwaka wa 1827 alikuwa ameacha michoro 102, mingine ikiwa imekamilika, mingine ikiwa mistari ya penseli yenye rangi kidogo tu. Aliposhughulikia wapenzi waliohukumiwa kupeperushwa na upepo wa kuzimu, alichora upepo wenyewe, mrija mkubwa unaojipinda kama nyoka ukiwa umejaa miili, na Dante akiwa ameanguka chini amezirai. Angeweza kuchora mkasa wa wapenzi wawili kama picha ya harusi iliyoharibika. Alichagua jambo moja, nguvu inayobeba watu wasiweze kusimama, akalipa karatasi nzima. Ndivyo uhakiki unavyofanya: huchagua.

Sasa turudi mtihanini, maana najua unangoja. Ushairi una alama 20 katika Karatasi ya Tatu, na hakuna mtahini atakayekupa hata moja kwa mchoro. Faida ya mchoro ni kabla ya kuandika. Ukiulizwa kuhusu taswira, chukua ukingo wa karatasi yako ya kazi chafu, weka alama moja kwa kila picha kwa mpangilio wake, kisha ujiulize nini kinaongezeka na nini kinapungua kutoka moja hadi nyingine. Usichore sura, chora kiasi. Halafu ufumbe macho ya mchoraji na ufungue ya mwandishi. Kwa swali langu, jibu lenye alama nane lingeweza kuwa hivi:

Mshairi anaupa ulimwengu picha nne zinazoendelea kwa kupungua. Bahari ina maji tele lakini ni hatari kwa msafiri. Kisima kina maji lakini ng'ombe humzuia mwenye haja. Vumbi katika mwale huonekana lakini halishikiki. Mazigazi hayapo kabisa, ingawa mwenye kiu huyaamini. Hivyo msomaji huondolewa tumaini hatua kwa hatua, kutoka kitu kilichopo hadi kisichokuwapo, na hali hii huandaa ile sehemu ya majumba ya Pate ambapo vitu vilivyokuwapo vimegeuka kuwa magofu.

Sentensi ya mwisho niliiongeza mimi. Zilizotangulia zimo katika mchoro.

Mwanafunzi huyo alikuwa akipata alama tatu au nne katika maswali ya ushairi. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya tatu, na kila alipoandika alionekana kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe machache anayoyajua. Nilipomrudishia mchoro mara ya kwanza, aliutazama mwandiko wangu mwekundu, akaukunja mara mbili, akautia ndani ya daftari. Mkunjo huo bado upo. Unapita katikati ya kisima. Majuma mawili baadaye mwenzangu wa sanaa aliuona, akaniletea mezani akiniuliza kama nimeutazama. Nikasema nimeusahihisha.

Nilimwomba mwanafunzi radhi mbele ya darasa, na nikabadilisha alama katika rejista. Karatasini sikuweza. Nilijaribu kuufuta wekundu kwa pamba yenye maji, lakini karatasi ya rangi za maji hunywa kila kinachoiangukia, na ule wino wangu ukaenea pande zote mpaka ukaigusa bahari. Alipomaliza Kidato cha Nne aliniachia mchoro. Nilimwambia auchukue, ni wake. Akasema, "Mwalimu, hapo chini umechora pia."